Ukinzani wa MLN katika mahindi chotara ya wazazi watatu: je, inatosha kubadilisha mzazi mmoja kwa kutumia alama za vinasaba?

MchaguziMbegu aliuliza:

Wanajukwaa, habari za kazi. Ninafanya kazi ya uboreshaji wa mbegu katika kampuni ndogo iliyoko kaskazini mwa Tanzania. Tunayo mbegu chotara ya wazazi watatu (wawili huchanganywa kupata mama, wa tatu ndiye baba) ambayo wakulima wa Arusha na Manyara wameipokea vizuri kwa sababu hukomaa mapema na hindi lake hujaa punje hadi nchani, lakini haina ukinzani wowote dhidi ya ugonjwa wa MLN (maize lethal necrosis). Kwa wasioufahamu, ugonjwa huu hutokea pale virusi viwili vinapokutana ndani ya mmea mmoja: kirusi cha MCMV (maize chlorotic mottle virus), pamoja na kirusi kingine ambacho katika ukanda wetu mara nyingi ni kile cha batobato la miwa. Uligunduliwa Bomet nchini Kenya mwaka 2011, na mwaka uliofuata ulikuwa umekwishaonekana kwetu. Majani machanga hupata michirizi ya manjano, kisha hukauka kuanzia kingoni kuelekea katikati, moyo wa mmea hufa, na hindi likitoka huwa dogo lisilo na punje za maana.

Tumesoma kwamba laini (yaani mbegu safi zinazozaa mimea inayofanana) za KS23, ambazo asili yake ni Chuo Kikuu cha Kasetsart cha Thailand, zina eneo moja la ukinzani lenye nguvu kubwa kwenye kromosomu ya 6, lililopewa jina la qMLN06_157, na kwamba zipo alama za vinasaba (herufi za vinasaba zilizo jirani na jeni, zinazosomwa maabara) zinazolifuatilia. Bajeti yetu inaruhusu kubadilisha mzazi mmoja, labda wawili tukijibana. Mkurugenzi anapendekeza tuanze na baba, kwa hoja kwamba chavua yake ndiyo inayofika kwenye kila punje ya mbegu tunayouza. Je, hoja hiyo inasimama? Na swali la pili: iwapo tutakuwa tumekwishalipia maabara, je, alama hizo hizo zinaweza kutusaidia kupandisha mavuno?

MzeeWaKitalu alijibu:

Ndugu MchaguziMbegu, hoja ya mkurugenzi wako ingesimama kama jeni ya ukinzani iliyo katika eneo hilo ingekuwa tawala, yaani ingefanya kazi hata kwa nakala moja. Kwa bahati mbaya ukinzani wa KS23 kwenye kromosomu ya 6 unarithiwa kwa njia fifi: mmea hauonyeshi ukinzani mpaka uwe umepokea nakala kutoka pande zote mbili. Mmea wenye nakala moja utaugua karibu sawa na mmea usio na nakala yoyote.

Sasa chukua kalamu. Tuwaite wazazi wako A na B, ambao mchanganyiko wao ndio mama, na C ambaye ni baba. Ukimbadilisha C peke yake, kila mmea katika shamba la mkulima utakuwa na nakala moja tu, na shamba lote litaugua kama zamani. Fedha yote itakuwa imelala kaburini. Ukiwabadilisha A na B na kumwacha C, matokeo ni yale yale. Ukimbadilisha C pamoja na A, mama atakuwa na nakala moja, kwa hiyo nusu ya mayai yake yatabeba ukinzani na nusu hayatabeba, na mkulima atapata shamba ambalo nusu ya mashina yamesimama na nusu yanakauka, yakiwa yamechanganyika ndani ya mstari mmoja. Ni pale tu wazazi wote watatu wanapokuwa na nakala mbili ndipo kila mmea unaotoka kwenye mfuko wako unakuwa mkinzani.

Kwa sababu hiyo, kabla hamjazungumzia gharama za maabara, zungumzieni kwanza muundo wa mbegu yenyewe. Je, A na B wanatofautiana kiasi gani? Kama ni ndugu wa karibu, pengine mnaweza kumbadilisha mmoja wao pamoja na C, mkajaribu chotara ya wazazi wawili tu, A na C, na kuona kama mavuno yanakaribiana. Najua kwamba mbegu ya wazazi wawili ni ghali kuizalisha, kwa kuwa mama ni laini dhaifu inayotoa mahindi madogo, na hiyo ndiyo sababu kampuni nyingi za ukanda huu hupenda wazazi watatu, ambapo mama mwenyewe ni chotara mwenye nguvu. Hata hivyo hesabu hiyo ifanywe kwa takwimu zenu, si kwa mazoea.

Faida ya alama inaonekana hasa kwa sababu jeni ni fifi. Unapochukua mtoto wa KS23 na A, ukamrudisha kwa A (yaani ukamchanganya tena na A), nusu ya watoto watakaozaliwa wanabeba nakala moja na nusu hawabebi kitu, na kwa macho wote ni wagonjwa vilevile. Bila alama, ungelazimika kumchavusha kila mmoja kwa chavua yake mwenyewe, kupanda uzao wao, kuuambukiza virusi na kuangalia ni familia ipi iliyotoa mimea mizima, kisha ndipo urudi nyuma uendelee. Kila hatua ya kurudisha inabeba msimu mwingine mgongoni, na uambukizaji wenyewe hauwezi kufanywa kila mahali, kwani hakuna mtu mwenye busara atakayepandikiza MCMV makusudi katikati ya mashamba ya watu. Kituo kilichojengwa kwa kazi hiyo mwaka 2013 na CIMMYT (kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano) pamoja na shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, ambalo sasa ni KALRO, kipo Naivasha, Kenya. Ukiwa na alama, unakata kipande cha jani la mche wa wiki tatu, majibu yanarudi kabla mbelewele hazijatoka, na msimu huo huo unachavusha mimea inayobeba peke yake.

Jambo moja zaidi: ulizeni kwanza kama tayari zipo laini bora zilizokwishaingiziwa eneo hilo la kromosomu ya 6. CIMMYT imefanya kazi hiyo kwa baadhi ya laini zake. Ikiwa mmoja wa wazazi wenu asili yake ni laini ya CIMMYT, huenda mkapunguziwa theluthi ya kazi kwa barua moja na makubaliano ya kupokea mbegu.

JaniNaMaabara alijibu:

Ninaunga mkono alichosema Mzee, na ningependa kuongeza mambo ya upande wa maabara ambayo watu hukutana nayo wakiwa wamekwishachelewa.

La kwanza ni hili: msitume sampuli hata moja ya watoto kabla ya kutuma majani ya A, B, C na ya mzazi mfadhili (yule anayetoa ukinzani, yaani KS23), na kuthibitisha kwamba alama inawatofautisha. Alama ni herufi moja ya vinasaba iliyo jirani na jeni, nayo si jeni yenyewe. Inawezekana kabisa A akawa na herufi ile ile aliyo nayo KS23 mahali pa alama, huku hana ukinzani hata chembe, kwa sababu tu mababu zao wa mbali walishirikiana kipande hicho cha kromosomu. Hapo alama hiyo haina msaada wowote kwa A, ingawa inafanya kazi vizuri kwa B. Majani manne yatawagharimu kidogo sana ukilinganisha na msimu mzima uliopotea.

La pili ni umbali. Alama iliyo sentimogani 5 (kipimo cha umbali ndani ya kromosomu) kutoka kwenye jeni hutengana nayo katika takriban gameti (chembe za uzazi) 5 kati ya 100 kwa kila kizazi. Kwa hiyo tumieni alama mbili, moja kila upande, na muuchague mmea unaobeba zote mbili, kwani uwezekano wa kromosomu kukatika pande zote mbili kwa wakati mmoja ni mdogo mno. Baadaye, katika kizazi cha pili cha kurudisha, mtahitaji kinyume chake: mmea ambao umekatika karibu na eneo lile, nje kidogo ya alama zenu, ili usibebe kipande kirefu cha mfadhili chenye tabia msizozitaka kama vile kuchelewa kukomaa.

La tatu ni idadi ya mimea. Katika kizazi cha kurudisha mnatafuta nusu, hivyo miche 7 inatosha kuwa na uhakika wa asilimia 99 kwamba angalau mmoja anabeba. Mwishoni, mnapochavusha mmea wenyewe ili mpate nakala mbili, mnatafuta robo, na hesabu inakuwa miche 16 hivi. Wapo watakaowashauri muongeze na eneo jingine la ukinzani wa MLN, la kromosomu ya 3, kutoka laini nyingine. Mkifanya hivyo mnatafuta mmoja kati ya 16, na uhakika ule ule unadai miche 72. Idadi hizi ni za chini kabisa, kwa sababu kupata mche mmoja tu hakukupi nafasi ya kuchagua. Mimi ningepanda mara tano au sita ya hapo katika kila kizazi cha kurudisha, ili miongoni mwa wanaobeba niwachague wanaofanana zaidi na A kwenye kromosomu nyingine tisa. Kwa wastani, mara ya kwanza ya kurudisha inakupa asilimia 75 ya A, ya pili 87.5, ya tatu 93.75, lakini huo ni wastani, na ndani ya familia moja utakuta mmea uliotangulia wenzake kwa kizazi kizima. Alama za kromosomu nzima ndizo zinazokuonyesha mmea huo.

Kuhusu kusoma majibu: maabara nyingi za huduma hutumia mfumo wa rangi mbili, na kwenye chati mtaona mafungu matatu ya nukta, moja karibu na mhimili wa wima, moja karibu na mhimili wa mlalo, na la tatu katikati, ambalo ndilo la mimea yenye nakala moja. Katika kizazi cha kurudisha fungu moja la pembeni lazima liwe tupu. Mkiona nukta ya mtoto yeyote kwenye fungu hilo la nakala mbili za mfadhili, tafsiri yake ni kwamba chavua isiyotakiwa iliingia au vibandiko vilichanganyika, na msiendelee mpaka mjue ni kipi kati ya hivyo viwili. Sahani ina visima 96; acheni visima vya mwisho kwa ajili ya maji matupu, na wazazi wawekwe katika kila sahani bila kukosa.

MchaguziMbegu aliandika:

Mzee na JaniNaMaabara, asanteni sana. Mchoro wa nusu ya mashina kusimama na nusu kukauka nimeupeleka ofisini kama ulivyo, na mjadala wa kuanza na baba umekwisha. A na B si ndugu wa karibu, lakini C ni laini yenye asili ya CIMMYT, kwa hiyo tutaandika barua. Bado ninasubiri maoni kuhusu swali la mavuno.

TakwimuZaShamba alijibu:

Kuhusu mavuno jibu fupi ni hapana, alama hizo hizo hazitawasaidia. Ukinzani wa MLN mnaouzungumzia una eneo moja linalobeba sehemu kubwa ya tofauti, na ndiyo maana unaweza kulikimbiza kwa alama mbili. Mavuno yanaamuliwa na mamia ya maeneo, kila moja likichangia kidogo sana na likibadilika kulingana na mvua na udongo. Watu walihangaika kwa miaka mingi kutafuta "jeni za mavuno" na kuziingiza moja moja, na mara nyingi matokeo yalififia yalipohamishwa kutoka familia moja kwenda nyingine.

Njia iliyoleta matumaini zaidi ni ile iliyopendekezwa na Meuwissen, Hayes na Goddard mwaka 2001: badala ya kuchagua alama chache zenye nguvu, unazitumia zote kwa pamoja, maelfu yake, na kuipa kila moja uzito mdogo kwa kutumia kundi la mimea ambayo imepimwa shambani na pia imesomwa vinasaba. Kisha unakadiria thamani ya laini mpya ambazo hazijawahi kupandwa kwenye majaribio. Kwa mpango wa mahindi njia hii inafaa sana, hasa pale ambapo laini zinazalishwa kwa haraka, kama ilivyo katika kituo cha Kiboko nchini Kenya, ambako laini safi hupatikana kwa kuongeza maradufu kromosomu za mche wenye seti moja, badala ya kusubiri vizazi sita au saba vya kujichavusha. (Kwa njia, hata huko hatua ya kwanza inategemea alama inayoonekana kwa macho: punje yenye zambarau juu lakini kiini chake hakina rangi ndiyo yenye seti moja, nayo ndiyo inayotafutwa. Jeni ya rangi imefanya kazi hiyo tangu kabla hatujawa na mashine za kusoma vinasaba.)

Lakini njia hiyo inahitaji kundi la kujifunzia lenye ukubwa wa kutosha, lililopimwa katika maeneo kadhaa na misimu kadhaa, na linalohusiana kinasaba na laini mnazozikadiria. Kwa kampuni yenye bajeti ya kubadilisha wazazi wawili, nisingeshauri muianze peke yenu. Anzeni kuweka takwimu safi za majaribio yenu, zenye jina la kila laini na kila eneo, kwa sababu hizo ndizo mtakazochangia siku mtakapojiunga na mpango mkubwa zaidi.

Pia tahadhari na wazo linalouzwa sana kwamba laini mbili zilizo mbali kwa alama zitatoa chotara bora. Alama ni nzuri kwa kuzigawa laini katika makundi, ili usichanganye ndugu kwa ndugu. Zaidi ya hapo, umbali peke yake hautabiri vizuri mavuno ya chotara. H611, mbegu chotara ya Kitale nchini Kenya iliyotolewa mwaka 1964, ilitokana na kuchanganya Kitale Synthetic II na Ecuador 573, na ni shamba la majaribio lililoonyesha kwamba wawili hao wanapatana. Hadi leo laini mpya inachanganywa na wapimaji (laini za kulinganishia) wa kundi la pili, inapandwa, inavunwa na kupimwa kwenye mizani.

MkaguziWaMashamba alijibu:

Nizungumzie upande wa uzalishaji wa mbegu, kwa sababu jeni fifi inabadilisha maana ya usafi wa mbegu. Katika mbegu ya kawaida, mimea michache ya mama iliyochelewa kukatwa mbelewele ikajichavusha itampunguzia mkulima mavuno kidogo. Katika mbegu yenu hiyo siyo hatari kubwa kwa upande wa MLN, kwani mama naye atakuwa na nakala mbili. Hatari ni chavua ya shamba la jirani. Punje yoyote iliyochavushwa na mahindi yasiyo na ukinzani itatoa mmea wa nakala moja, na mmea huo utaugua mbele ya macho ya mkulima aliyelipia mbegu kinzani. Ikitokea hivyo kwenye mbegu ya msingi ya mzazi, kosa linazidishwa katika kila hatua inayofuata.

Kwa hiyo tengeni fungu la alama chache kwa ajili ya kuhakiki kila bechi ya mbegu ya wazazi kabla haijaenda shambani, tofauti na lile mnalotumia kwenye uboreshaji. Mimi naona hapa ndipo alama zinapomlipa mwenye kampuni ndogo kuliko mahali pengine popote, ingawa watafiti hawapendi kulizungumzia kwa kuwa halina mvuto wa kisayansi. Vilevile, msisahau ukinzani wa ugonjwa wa milia ya mahindi mlio nao sasa. Kama wazazi wenu wana lile eneo la kromosomu ya 1 linalozuia milia na mfadhili hana, mnaweza kulipoteza mkiwa mnaikimbiza MLN. Liwekeeni alama pia.

BibiShamba aliuliza:

Samahani wataalamu, mimi ni mkulima wa mahindi na nimewasoma kwa makini. Nina maswali mawili. Je, mbegu hiyo itakuwa ya GMO? Na je, nikihifadhi mbegu kutoka kwenye mavuno yangu, ukinzani utabaki?

MzeeWaKitalu alijibu:

Shikamoo Bibi. La kwanza, hapana. Alama inasoma tu kilichopo ndani ya jani, haiingizi kitu. Ukinzani unahamishwa kwa chavua, kama mahindi yalivyochavushwa siku zote, na mbegu itapitia majaribio na ukaguzi wa TOSCI (taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania) kama chotara nyingine yoyote.

La pili lina pande mbili. Kwa kuwa wazazi wote watatu watakuwa na nakala mbili, uzao wa mbegu yako nao utakuwa na nakala mbili, ilimradi chavua haikutoka shamba la jirani lenye mbegu ya kawaida, jambo ambalo kwa mashamba yetu yanayopakana ni gumu kulizuia. Lakini nguvu ya uchotara haitabaki: mimea itapishana kwa urefu na kwa kukomaa, na mavuno yatashuka. Ukinzani utakuwepo kwa sehemu kubwa ya mashina, ila gunia zitapungua, kwa hiyo ni heri ununue mbegu mpya kila msimu.

MchaguziMbegu aliandika:

Shikamoo Bibi, na asante kwa swali ambalo afisa mauzo wetu atalazimika kulijibu mara nyingi. Tulichokubaliana ofisini ni hiki: majani ya A, B, C na mfadhili yatatumwa kwanza, barua ya kuomba toleo kinzani la C inaandikwa wiki hii, A na B watarudishwa mara mbili, masika na vuli kwa umwagiliaji, na wote wawili waende pamoja, hata kama itabidi tuchelewe kuanza hadi bajeti ya mwaka ujao ili tusibaki na mmoja njiani. Eneo la kromosomu ya 3 tumeliweka kando. Je, kuna mwenye uzoefu wa kusafirisha majani makavu nje ya nchi bila kukwama mpakani?

JaniNaMaabara alijibu:

Vipande vikaukie ndani ya sahani yenyewe, kwenye mfuko uliofungwa wenye punje za silika, na zibadilishwe zikianza kugeuka rangi. Ombeni kibali cha maabara inayopokea na cheti cha afya ya mimea mapema, kabla hamjapanda, si miche ikiwa imekwishaota. Mahindi hayasubiri barua. Na orodha ya visima itumwe kwa barua pepe siku ile ile mnapokata majani, ikiwa imesomwa na watu wawili.